Kalemie ya Papa Ijeni

Mgeni akiniuliza aende wapi Kalemie, namwambia aachane na bandari na gare ya treni, na ile barabara kubwa ambayo kila mtu ameshaipiga picha. Namwambia apande kilima cha nyuma ya mtaa wa Kataki kwa ngazi za udongo, asubuhi, jua likiwa mgongoni. Ashuke ukingo wa mto Lukuga pale wanawake wanapolowanisha mihogo, na awasalimie kabla hajafika, si baada ya kufika. Samaki kuhe ale Kamkolobondo, kwenye kichochoro cha wakausha samaki, na aombe kichwa. Mgeni huyaandika yote na kunishukuru. Hudhani nimezaliwa mjini hapa na kwamba naongea kwa mapenzi. Sikuzaliwa hapa, na mji huu nilifundishwa na mtu niliyemwogopa kuliko nilivyowaogopa askari.

Tulimwita Papa Ijeni, kwa kuwa kazi yake ilikuwa hiyo ijeni, yaani kukagua usafi katika malupango, viwanja vya nyumba za watu: choo, shimo la takataka, mitungi ya maji, majani marefu yanayofuga mbu. Ni kazi ya serikali iliyoanza na Wabelgiji, na Zaire iliirithi kama ilivyo. Alivaa kaki iliyofuliwa hadi ikapauka magotini, na buti za mpira hata kiangazi. Mgongoni alibeba pompi ya chuma yenye kreolini, dawa ya kusafishia vyoo. Harufu ilimtangulia, ukajua yuko barabara ya tatu kabla hujamwona. Na kwenye mfuko wa kifuani alikuwa na kaye, daftari dogo la jalada jeusi, na kalamu iliyofungwa kwa uzi isipotee. Kaye hiyo ndiyo iliyotunyima amani.

Asiyeishi miaka ile hawezi kuelewa jinsi kaye ilivyoweza kutisha. Siku zile sote tuliitwa raia, na kila raia alikuwa na sikio. Mtu akisema neno moja juu ya Kiongozi kwenye kibuyu cha pombe, keshokutwa anaitwa biro, ofisi asiyoijua, na wanawe wanaanza kulala kwa shangazi. Nani amesema? Hakuna aliyejua. Kwa hiyo tulimtazama kila mwenye kalamu, na mwenye kalamu aliyeruhusiwa kuingia katika kila lupango, hadi nyuma ya choo, bila kubisha hodi, alikuwa mmoja tu.

Nilikuwa mwalimu wa darasa la tano, mgeni kutoka Zongwe, pwani ya kusini, nikiishi na mama yangu Kataki. Mkuu wetu wa shule alipokea amri kwamba walimu wasindikize watu wa ijeni kila Jumatano mchana, ili wawafundishe akina mama usafi. Walimu wenyeji walipata ghafla wagonjwa wa kuangalia. Mimi sikuwa na ukoo mjini, basi nikapewa ndoo ya chokaa na kuambiwa nimfuate. Nilimfuata miaka miwili.

Alikuwa mwembamba, wa hasira za haraka, na alitembea kwa mwendo wa mtu anayewahi mvua. Hakuuliza habari zangu. Alinionyesha mji. Alidharau watu waliodhani Kalemie ni bandari, gare na nyumba za zamani za Wazungu. Hayo, alisema, ni kwa ajili ya anayeshuka kwenye meli na kupanda treni. Mji wenyewe uko nyuma, na mtu hauoni bila adabu. Adabu zake zilikuwa nyingi, na kila moja ilikuwa na jino.

Ya kwanza ilihusu kuuliza njia. Usimuulize mtu aliyesimama, alinionya, muulize mwenye mzigo kichwani. Mwenye mzigo anataka kufika kwake, atakujibu kweli na kukusahau.

"Mwenye kusimama bure, Madame, kuko mutu anamulipa juu ya kusimama," alisema.

Tangu hapo sijawahi kuona mwanaume amesimama pembeni mwa barabara bila kujiuliza nani anamlipa. Kwenye ngazi za kilimani alinipandisha ili nione ziwa. Ukifika juu unaliona lote, na siku isiyo na ukungu unaona mpaka milima ya ng'ambo. Nilinyoosha kidole kuuliza ile meli inatoka wapi. Akanikamata mkono na kuushusha kwa nguvu hadi bega likaniuma. Askari wa bandarini wana miwani ya mbali, akanieleza, na mwalimu anayeonyesha meli kwa kidole anazihesabu kwa ajili ya mtu. Ziwa ni la kuangaliwa kwa macho, mikono ikiwa mfukoni. Sikuwa na mfuko. Nikaikunja mikono kifuani na kuliangalia ziwa, na sikuliona tena.

Ukingoni mwa Lukuga wanawake hukaa mstari mmoja kwenye mchanga, miguu majini, wakimenya mihogo iliyolowana. Ni mahali pazuri kuliko pote mjini, kwa maoni yangu, na hakuna mgeni anayepelekwa pale. Papa Ijeni alikuwa na sheria yake: mgeni akaribishwe akae katikati ya mstari, kamwe asikae mwisho, kwa sababu mamba huanza na wa mwisho. Wanawake walicheka na kumwita mwoga. Yeye hakucheka. Njiani tukirudi aliniambia, kama mtu anayeendelea na somo la choo, kwamba mamba wa biro naye huanza na aliye pembeni, asiye na ndugu upande wa pili. Nilifahamu ananizungumzia mimi. Sikufahamu kama ananionya au ananitishia.

Ninajua nilivyosema, kwamba kazi yake ilikuwa usafi. Lakini chakula alikula mahali ambapo nzi walikuwa wengi kuliko walaji. Saa nane mchana, baada ya kuwahubiria akina mama ishirini juu ya nzi na magonjwa, aliniongoza kwenye kichochoro cha wakausha samaki, moshi ukiingia machoni, akaagiza bukari, yaani ugali, na kichwa cha kuhe, akala kwa mkono alioufuta kwenye suruali. Hata hapo alikuwa na adabu: kaa ukiangalia unakotokea, kula polepole, na wakiingia watu wenye viatu vyeusi endelea kula, maana anayeinuka na tonge mdomoni ndiye anayekimbizwa. Niliwahi kumuuliza kwa utani kama kuna mahali Kalemie mtu anaweza kukaa bila kufikiria mlango. Akasema makaburini, lakini huko nako siku hizi wanaulizana nani amekuja kumlilia nani.

Alikuwa na mambo yasiyolingana. Aliwatukana wajane kwa sababu ya vyoo vyao vibovu mpaka wakalia, na Jumapili baada ya misa ulimkuta kwa mjane huyo huyo yuko ndani ya shimo hadi mabegani, anachimba, bado anatukana. Aliogopa mbwa na hakukiri. Mbwa akibweka alisimama wima na kumwambia, "Bonjour, shef," kwa heshima, hadi mwenye mbwa atokee. Na hakunywa maji kwa mtu yeyote. Jua la Septemba lilimkausha midomo ikapasuka, mama wa watu analeta kikombe kwa mikono miwili, yeye anashukuru na kusema ameshakunywa. Wengine walisema ni maringo. Mimi nilijua mtu anayekataa maji ya kila nyumba ana sababu, na nilifikiria sababu mbaya.

Sababu niliyoifikiria ilitokana na fundi viatu. Huyu alikuwa jirani yetu wa lupango la tatu, mtu wa maneno mengi, na alikuwa ameamua kuhamia Kigoma kwa kaka yake. Aliaga watu majuma mawili mazima. Aliniaga mimi mara mbili, na mara ya pili alinitengenezea kandambili bure. Jumatano moja tukakagua lupango lake. Papa Ijeni akatazama choo, akatazama masanduku yaliyofungwa kamba, akaandika kitu kwenye kaye, akampa mkono wa kwaheri. Ijumaa wakaja wanaume wawili wakamtoa fundi viatu kwenye benchi lake, kiatu cha mtu kikiwa bado katikati ya magoti. Hakurudi. Mke wake alipanda meli peke yake na watoto, juma lililofuata. Kikulacho ki nguoni mwako, mama yangu alisema.

Sasa niseme juu ya mdogo wangu. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, mvuvi, mwenye mtumbwi wake mwenyewe Zongwe. Zilipotokea zile vita za Moba, waasi dhidi ya serikali, watu wenye bunduki walimjia asubuhi wakamwambia awavushe hadi rasi ya pili. Huulizi bunduki inatoka wapi. Aliwavusha. Wanakijiji waliona. Askari wa serikali walipofika baadaye waliuchoma mtumbwi na kumtafuta aliyeupiga kafi, na vijana wawili wa pwani ile waliokamatwa kwa kosa la namna hiyo hatukusikia tena habari zao. Yeye alitembea porini akaja kwangu. Hakuwa na karatasi hata moja. Alikaa chumba cha nyuma, mchana anashona nyavu zisizo na ziwa, na mama yangu alifurahi na kuogopa kwa pamoja hata akawa anacheka bila sababu. Tulikubaliana: asitoke, asikohoe, asiimbe. Tulidhani tumefikiria yote.

Jumatano ya pili tangu aje, zamu ya barabara yetu ikafika. Niliomba Mungu mvua inyeshe. Haikunyesha. Papa Ijeni aliingia kwetu kama alivyoingia kwa wengine wote, akapita nyuma, akainua kifuniko cha choo, akainama, akakaa ameinama muda mrefu kuliko kawaida. Mimi nilisimama na ndoo. Mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, na alisahau kuinua mchi. Papa Ijeni alipoinuka alifungua kaye, akatafuta ukurasa wetu.

"Madame," alisema kwa sauti ya chini, "hapa niliandika batu babili. Weye na mama yako. Lakini shimo inasema batatu."

Nilimwambia tulikuwa na wageni wa ubatizo. Akaniuliza ubatizo wa nani. Sikuwa na jina la mtoto tayari. Fikiria: tulifunga dirisha, tulificha sahani, tulianika nguo zake ndani, na hatukufikiria choo. Ni mkaguzi wa ijeni peke yake angeweza kusoma pale, na ndiye tuliyekuwa naye. Alinitazama, akatazama mlango wa chumba cha nyuma, akaifunga kaye bila kuandika. Hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwamba hakuandika.

"Posho njo Salongo," alisema. Posho ni Jumamosi, na Salongo ni ile kazi ya lazima ya kila raia, jembe mkononi. "Avae nguo mubaya. Asinawe. Nitamupitia saa moja."

Siku tatu zile sitaki kuzikumbuka, na ninazikumbuka zote. Nilimwambia mama tumpeleke kijana porini hukohuko alikotoka. Nilimwambia ni mtego, kwamba mzee anataka kumkabidhi kwa mkono wake apate sifa. Mdogo wangu alivuta uzi wa nyavu. Mama ndiye aliyeamua. Alisema mtu anayetaka kukuuza hakupi siku tatu za kukimbia, na kwamba hata hivyo hatuna mahali pa kukimbilia. Hoja yake ilikuwa nzuri, ila haikunitoa woga hata kidogo.

Jumamosi alikuja saa moja kamili. Alimfungia mdogo wangu pompi mgongoni, akammwagia kreolini kwenye suruali na mikono hadi macho yakamtoka machozi, akanipa ndoo yangu. Twende kazi, alisema. Nilitarajia vichochoro na kujibanza. Badala yake alitupitisha mjini mchana kweupe, njia zake zote za Jumatano, na alimwonyesha mdogo wangu mji kama mgeni aliyekuja kutembea. Hapa mama huyu anapika munkoyo mtamu kuliko wote, ukija uje na kikombe chako. Pale kuna chemchemi chini ya mwamba, maji baridi hata saa sita, lakini usijaze ndoo mbele ya wazee. Ngazi hizi zina hatua moja iliyovunjika, ya kumi na mbili. Nilidhani amerukwa na akili. Watu walikuwa wanatoka na majembe, wanamsalimia, wanaziba pua, wanapisha. Nilielewa baadaye sana kwamba mtu anayeonyeshwa mji haonekani kama anayeutoroka, na kwamba hakuna anayempekua mtu anayenuka choo.

Tulipofika mbele ya biro ya zoni, firimbi ikalia. Bendera. Wakati ule bendera ikipanda kila kitu kilisimama, baiskeli, mama na mtoto mgongoni, mlevi, wote kama vijiti, na askari walipita na macho yao kutafuta anayetikisika. Tukasimama hatua ishirini kutoka kwao. Bendera ikapanda, wimbo ukaisha. Na mdogo wangu akafanya ishara ya msalaba.

Hakukusudia. Shuleni kwetu Zongwe mapadri walituwekea sala papo hapo baada ya bendera, na miaka sita ya utoto mkono ulikwenda wenyewe kwenye paji la uso. Hakuna mtoto wa Kalemie ambaye angefanya hivyo. Ni sisi tu wa pwani ile, watu wa misheni, na siku zile kuwa wa pwani ile kulitosha. Nilimwona askari mmoja akigeuza kichwa. Mkojo ulinitoka, naandika bila aibu, ukashuka mguuni ndani ya kitenge changu.

"Weye wa pompi," askari aliita. "Umefanya nini na mukono? Unatoka wapi?"

Mdogo wangu alifungua mdomo. Papa Ijeni alimpiga kofi la mdomo kabla hajatoa neno, kofi la kweli, damu ikatoka.

"Muniwie radhi, shef," alisema. "Tunaenda kusukula choo ya bale bagonjwa ba kolera. Huyu anaogopa, anaomba Mungu ku barabara. Miye naomba mu roho tu."

Akamsogelea askari kwa heshima, mkono mbele, amsalimie. Askari alirudi nyuma hatua tatu na kutuambia tuondoke upesi. Kolera ilikuwa imeua watu wengi kando ya ziwa, na hakuna bunduki inayoizuia. Tuliondoka bila kukimbia.

Mbele ya mji, pale reli inapopinda kufuata Lukuga, treni ya mizigo hupunguza mwendo. Tulifyeka majani kando ya reli pamoja na watu wa Salongo kama saa moja hivi. Treni ikaja. Mdogo wangu alivua pompi, akanishika bega, akaniita "Yaya", dada mkubwa, akapanda katikati ya magunia ya chumvi. Kabalo angeshuka, na kutoka Kabalo kwa mtumbwi hadi Ankoro, kwa mjomba wetu. Nilitazama behewa hadi likapotea. Papa Ijeni alikuwa anajifunga pompi upya.

"Madame, umuandikie asirudi," alisema. "Hata mambo ikipoa. Hata miye nikikufa. Asirudi Kalemie."

Nilisema ndiyo, Papa. Nililichukua kama onyo la mzee, yale ambayo wazee husema ili kumalizia jambo. Nilimwandikia mdogo wangu, naye alitii. Alipata mke Ankoro, akapata watoto, akajifunza kuvua mtoni, na barua zake zilikuja na wafanyabiashara, zimekunjwa kama punje. Mimi niliacha kumwogopa Papa Ijeni kwa muda. Nilimpenda hata, kwa namna fulani, kama unavyompenda daktari aliyekukata. Habari ya fundi viatu niliisukuma nyuma. Nilijiambia mtu aliyemwokoa mdogo wangu hawezi kuwa amemuuza yule.

Miaka saba ikapita. Papa Ijeni alistaafishwa na pompi ikabaki biro, na hatukuonana isipokuwa kanisani, kwa mbali. Kisha mama yangu akaanza kufa. Alikufa polepole, tumbo likivimba, na akili yake ilikuwa safi. Hakutaka daktari wala padri. Alitaka kumwona mwanawe. Kila asubuhi aliniuliza neno moja, kama nimeshamwandikia. Serikali bado ilikuwa ileile, biro zilezile. Nikafikiri, aliyemtoa ndiye anayejua kumwingiza.

Nilimkuta kwake mchana, kichochoro cha mwisho kabla ya kilima, nyumba ambayo miaka ile miwili hakuwahi kunionyesha. Lupango lake lilikuwa chafu. Majani yalifika magotini, na choo hakikuwa na mlango. Alikuwa amekaa kwenye gogo amevaa kaki ileile, bila buti, na nyayo zake zilikuwa nyeupe kama za mtu mwingine. Alifurahi kuniona. Alinipa kikombe cha maji, na yeye akanywa chake. Nikamweleza yote: mama, tumbo, mwanawe, siku zilizobaki. Nikamwomba anifundishe njia ya kumwingiza, hata kwa siku mbili.

Akaniuliza kama nilimwandikia asirudi. Nikasema nilimwandikia. Akauliza kama nilimwambia sababu. Nikasema sababu sikupewa.

"Sababu njo miye," alisema.

Alinieleza akitazama nyayo zake. Kila mwezi, biro ilimtaka alete jina moja. Mtu anayeingia katika kila lupango hawezi kusema hajasikia kitu. Usipoleta, wanaandika lako. Basi alitafuta njia yake, kama alivyotafuta njia za mji. Alipeleka majina ya wanaoondoka. Mtu ameshavuka maji, ameshafika Kigoma, jina lake likiandikwa Kalemie linamfanya nini? Wanakwenda kumchukua, wanakuta nyumba tupu, biro imeridhika, na hakuna aliyeumia. Alisema hivyo ndivyo alivyoishi miaka kumi na moja.

"Fundi ya viatu aliniaga miye mwenyewe," alisema. "Nilizania bateau, ile meli ya Kigoma, imeisha kumubeba. Bateau iliharibika Kigoma, ikachelewa siku tano. Nilijua ile siku yenye balimukamata."

Sikuuliza lililofuata. Yeye ndiye aliyelisema, kwa sauti ya chini, ileile aliyosomea shimo letu.

"Mwezi ile ya ndugu yako, jina nilikuwa nayo mu mukono. Ameisha kupanda treni, nikasema, ameisha kwenda. Nikaandika yake. Karatasi haiozi, Madame. Mwezi jana mumoja alirudi toka Kigoma kuzika baba yake. Bamemutoa ku port mbele ya batoto. Ule naye njo miye niliandika."

Nikasema mdogo wangu aje kwa siri basi, kwa miguu, kupitia mtoni. Alitikisa kichwa. Mama yako akifa, alisema, kilio kitajaa watu, na kati yao watakuwepo wenye kusimama bure. Mtoto wa kiume analia mamaye na hakuna anayemjua? Watauliza. Alilisema polepole, kwa uchungu, na alikuwa sahihi kama alivyokuwa sahihi siku zote.

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumshukuru pia, kwa maana mdogo wangu alikuwa hai na watoto watatu. Lakini kilichonijaa kilikuwa woga, na haukuwa woga wa biro. Nilijiuliza, kama mwezi ule wangeniuliza mimi, ningetoa jina la nani, na nikaona sura za majirani zangu zikipita moja moja, na niliweza kuchagua. Niliinuka bila kuaga. Nilikuwa nimefika kwenye majani ya mlangoni aliponiita. Alisema nipite njia ya chini, ya juu leo kuna askari. Nikapita njia ya chini.

Mama alikuwa macho. Alisikia viatu vyangu akageuza kichwa upande wa mlango, na akaniuliza nimetoka wapi muda wote huo. Nikasema kwa Papa Ijeni. Alitabasamu, maana kwake huyo alikuwa mtu wa Mungu, na sikumwondolea hilo.

"Anakuja?" aliuliza.

"Yuko njiani, mama."

"Kwa treni?"

"Kwa treni."

Aliniomba niache mlango wazi ili aisikie ikiingia gare. Nikauacha wazi, na akasikiliza siku tatu.